Mdomo Wangu na Ua la Mjapani

Kariakoo hatusemi "sina". Mteja akikuuliza kitu ambacho hujawahi kukiona tangu uzaliwe, unamwambia "ipo, kaa hapo", unamvutia stuli, unamgeuzia feni, kisha unachomoka kwenda kumuuliza jirani. Jirani naye hasemi sina. Anasema ipo, naye anachomoka. Niliwahi kumkalisha mama mmoja karibu saa nzima akisubiri doti ya kanga iliyokuwa inatafutwa na wauzaji sita, na yule wa sita akaja kuniuliza mimi.

Nayasema haya mapema ili msinione mwongo. Mimi si mwongo, mimi ni muuza kanga. Najua tofauti yenyewe ni ndogo.

Fremu yangu ya duka ni nyembamba kiasi kwamba nikinenepa kidogo tena, na dalili zipo, itabidi mmoja wetu atoke, mimi au mzigo. Nimekaa pale miaka mingi. Najiona bingwa wa kanga kuliko wote mtaani, na kila muuza kanga wa mtaa ule anajiona hivyo hivyo, kwa hiyo tunaishi kwa amani. Nitakuambia doti imechapwa wapi kwa kuinusa. Mara nyingi nakosea, lakini nanusa kwa uso wa mtu anayejua, na mteja anaridhika.

Asubuhi moja akaja mama wa miaka sitini hivi, kofia ya jua, viatu vya kupandia mlima, begi la mgongoni amelivaa kifuani kama tunavyowafundisha wageni wote wa Kariakoo. Nikamwita, "Mchina, karibu." Nilimwita Mchina siku mbili nzima, mbele yake, kwa upendo. Siku ya tatu akaniambia kwa upole kwamba ametoka Japani. Nikamwambia nilikuwa najua, nilikuwa namtania tu. Unaona mwenyewe nina tatizo gani.

Alikuwa msanii. Kwenye ghala moja la zamani upande wa Kivukoni kulikuwa kunaandaliwa maonyesho ya sanaa ya wiki nzima, na safari hii walikuwa wamealikwa watu wa Mashariki ya Mbali. Yeye alikuja mapema wiki mbili kwa sababu kazi yake ilikuwa haijakamilika. Alisema imebaki nusu, na hiyo nusu iko Kariakoo.

Kiingereza chake kilikuwa cha kupima kwa kijiko, changu cha kumwaga kwa ndoo, kwa hiyo tuliongea vizuri. Akafungua bahasha ngumu akatoa karatasi nene iliyogeuka rangi ya chai. Ilikuwa na mchoro wa wino mweusi. Pembeni pindo la mawimbi madogo madogo, katikati ua moja kubwa lenye petali nane zilizojikunjakunja kwenda juu, na chini yake kitu kama tunda lenye mbegu mbili. Haukuwa na maneno, ile sehemu ya jina la kanga ilikuwa nyeupe.

"Hii," akasema, "umewahi kuiona?"

Jibu lilikuwa neno moja. Mchoro ulikuwa mzee kuliko mimi, hauna rangi, hauna jina, na sijawahi kuona ua la namna ile kwenye kanga, kwenye kitenge, wala kwenye bustani. Lakini mgeni amesimama mlangoni, jasho linamtoka, na stuli iko karibu. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamwambia naijua sana hii.

Akakaa. Hakukaa kwa sababu ya kuchoka, alikaa kama mtu aliyepigiwa simu ya nyumbani. Halafu akanieleza, na mimi nikaanza kujuta nikiwa nimemwinamia, natikisa kichwa kwa huruma.

Baba yake alikuwa mchoraji kwenye kiwanda cha vitambaa huko kwao. Enzi hizo kanga nyingi za pwani hii zilikuwa zinachapwa Japani. Wafanyabiashara wa hapa walikuwa wanapeleka barua: tuchoreeni korosho, tuchoreeni maua ya hivi, maneno yake yaandikwe haya. Baba akawa anachora. Alichora miaka mingi bila kukanyaga Afrika, bila kumwona mwanamke hata mmoja aliyejifunga alichochora. Katika maisha yake yote ya kazi alichora cha kwake mwenyewe mara moja tu, kutoka kichwani mwake, bila barua ya mtu. Kikachapwa, kikapakiwa melini, kikaja Dar es Salaam. Hakuna aliyeandika kukiagiza tena. Kila barua zilipofika kiwandani mzee alikuwa anauliza kama kuna lolote kuhusu mchoro wake. Hakuna. Akastaafu, akafa, na ile karatasi wakaikuta kwenye droo ya meza yake.

"Nimekuja kuuliza jambo moja tu," akasema yule mama. "Kama kuna mtu aliivaa."

Hapo, msomaji, ndipo mtu mwenye akili angesema: samahani, dada, nilikurupuka, sijawahi kuiona. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa na mimi nimesimama mbele yake. Lakini nilimtazama macho yake, nikaona nikimwambia ukweli namuua. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli wa ukweli ni kwamba nilikuwa naihurumia nafsi yangu isiaibike, siyo macho yake.

Nikasema, "Mama yangu aliivaa."

Akatoa kifaa kidogo cha kunasia sauti, akakiweka juu ya rundo la doti, akaniomba nieleze. Jamani, nilieleza. Nilisema kanga ile ilikuwa ya bibi, bibi akampa mama, na mama alinifunikia siku ninazaliwa, akanitoa nayo hospitali, akatembea nami mpaka nyumbani Ilala huku wanawake wanatoka vibarazani kuitazama. Nikaongeza upepo ukiipeperusha pindo. Nikaongeza jirani aliyeomba kuigusa. Kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyoamini, na mwishoni machozi yalinilengalenga, machozi ya kweli kabisa, kwa ajili ya kanga ambayo haijawahi kuwepo.

"Ilikuwa rangi gani?" akauliza.

"Nyekundu na nyeusi," nikasema papo hapo. Kanga nyingi ninazouza ni nyekundu na nyeusi.

Akanitazama kidogo, akaandika kwenye daftari lake. Nilidhani ameguswa.

Wiki iliyofuata nilikuwa mtu wa sanaa. Nilimsaidia kutundika kazi yake, na kwa kutundika nina maana nilisimama chini ya ngazi nikitoa amri. Alikuwa ameuchapisha mchoro wa baba yake kwenye kitambaa cheupe kikubwa kama ukuta wa chumba, weusi juu ya weupe, kama ulivyo kwenye karatasi. Mafundi wakauliza juu ni wapi na chini ni wapi. Kanga ya kawaida haina tabu, jina linakuonyesha, lakini hii haikuwa nalo. Mjapani akasema nyumbani kwao siku zote walijua ni ua. Mimi nikakishika kidevu, nikarudi hatua mbili nyuma, nikasema mambo ya kitaalamu kuhusu petali kufuata jua. Wakatundika petali zikiangalia juu. Pembeni akaweka kiti kimoja na hedifoni. Ukikaa unasikia sauti yangu.

Basi nikawa nafunga duka mapema. Najiremba, najifunga doti yangu nzuri kuliko zote, nakwenda ghalani kusimama hatua tano kutoka kwenye kile kiti, nikijifanya natazama kazi za wengine. Mkorea mmoja alikuwa amepanga mabakuli ya udongo sakafuni, mengi ajabu, kila moja na maji kidogo, na mlinzi alikuwa na kazi moja tu ya kuwaambia watu hayo siyo ya kunawia. Upepo ukigeuka, harufu ya samaki wa Feri inaingia na mabakuli yote yanaonekana yana maana. Kulikuwa pia na kijana wa Kichina aliyeonyesha video za watu waliolala usingizi juu ya maboksi ya mizigo. Wenzangu wa Kariakoo waliokuja walimzunguka siku nzima wakimuuliza habari za kontena. Siku ya tatu akabandika karatasi kwa Kiswahili: MIMI NI MSANII. KONTENA SIJUI. Nilimcheka sana. Sikujua kwamba ndiye aliyekuwa mwerevu kuliko sisi wote mle ndani.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuangalia nyuso. Mtu anavaa hedifoni, anatulia, anakunja uso, anatazama lile ua. Nilikuwa nawajua wakifika wapi. Hapa bibi anampa mama. Hapa upepo. Dada mmoja alijifuta machozi kwa mtandio, na mimi, mwenzenu, nikajisikia kama nimeandika kitabu. Nikarudi nyumbani nikala wali mwingi.

Siku ya tano Mjapani akaniambia anaomba kumwona mama yangu.

Nikasema mama anaumwa. Akasema basi tumpelekee matunda. Nikasema anaumwa lakini amesafiri. Akauliza amesafiri wapi. Nikasema Mtwara, kwenye harusi. Akasema inapendeza kwamba amepata nafuu. Nikamwambia ndiyo, tunamshukuru Mungu.

Mama alikuwa Ilala, kama alivyo siku zote, mwendo wa bajaji, anachambua mchele barazani na kukosoa watu wanaopita. Ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua, mdomo haumsumbui hata kidogo. Tofauti yangu na yeye ni kwamba mdomo wake hausemi kitu ambacho hakikutokea. Hili jambo sikulirithi. Sikumwambia habari za maonyesho hata kwa bahati mbaya. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimewaambia watu wengine wote.

Siku ya mwisho, saa tisa alasiri, nimesimama mahali pangu pa kuangalia nyuso, nikasikia fimbo ikigonga sakafu kwenye mlango wa ghala. Sauti ikamwuliza mlinzi, "Iko wapi mashine inayonisema mimi?"

Jirani wa mama alikuwa amekuja juzi yake, akasikiliza, akarudi na habari yote. Mama alikuwa amejifunga doti ya sikukuu, amepaka wanja. Nikaenda mbio kumzuia, nikamwambia, "Shikamoo mama, humu kuna joto, twende nikakununulie soda." Akajibu marahaba akiwa ameshanipita. Akakaa kwenye kile kiti. Akaivaa hedifoni juu ya mtandio, kichwa chini miguu juu, nikamrekebishia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukuwa na bibi, haukuwa na upepo. Alipomaliza akaivua hedifoni taratibu, akanishikisha kama anayenirudishia sufuria chafu.

"Nani huyo aliyekuzaa?" akaniuliza. "Maana siyo mimi."

Kabla sijajibu, Mjapani alikuwa ameshafika. Nani alimwambia sijui, labda nyuso zetu, kwa sababu watu husema tunafanana. Akainama mbele ya mama, akainama sana, na mama, ambaye hajawahi kuinamiwa na mtu, akamshika bega akamwambia, "Inuka mwanangu, utaumia mgongo." Mjapani akaniuliza mimi, kwa Kiingereza chake cha kijiko, kama huyu ndiye mama aliyekuwa Mtwara. Nikasema karudi leo.

"Muulize," akasema. "Kanga hii ya baba yangu. Muulize yeye mwenyewe."

Nikamweleza mama. Nilimweleza yote, kiwanda, barua, mchoro wa kichwani, droo. Nilifanya haraka na kwa sauti ya chini, na mwishoni nikamwongezea kwa Kiswahili chetu cha nyumbani kwamba akinisaidia kwa hili nitamfanyia lolote analotaka maisha yake yote.

Mama alikuwa anatazama kitambaa. Akainua fimbo, akasogea. Akalaza kichwa upande wa kulia, akalaza upande wa kushoto, akainama kadiri magoti yalivyomruhusu mpaka akawa anatazama kutoka chini ya kwapa lake.

"Mmemgeuza," akasema.

"Nani, mama?"

"Pweza. Mmemtundika miguu juu. Hili siyo ua, huyu ni pweza, na hayo mnayoyaita mbegu ni macho yake."

Nikatazama. Sijui kama umewahi kusimama mbele ya kosa lako likiwa na ukubwa wa ukuta. Niligeuza kichwa, na petali nane nilizozihubiria habari za jua zikawa mikono nane, na pweza akanitazama kwa macho mawili ya mshangao. Nilikuwa nimemning'iniza kichwa chini wiki nzima mbele ya nusu ya mji.

Mama akaanza kucheka. Kwanza alicheka kwa mabega, kisha kwa tumbo, kisha akatafuta kiti akakaa. Alisema alikuwa kigoli, amepelekwa Kariakoo na mama yake na shangazi zake wawili kununua kanga za sikukuu. Mwenye duka akatandaza hii mbele yao, mpya, imetoka melini juzi. Shangazi mkubwa akaishika, akaitazama, akauliza: yaani nitoke kwangu nimejifunga pweza kiunoni, nipite mbele ya wakwe zangu, wao waseme nini? Kwa ambaye hajaishi pwani, wanaume hapa wanakunywa supu ya pweza jioni wamesimama pembeni ya barabara, na hakuna anayewauliza kwa nini, kwa sababu kila mtu anajua inawasaidia nini usiku. Shangazi mdogo akajifunga ile kanga pale pale dukani, akatembea madaha mpaka mlangoni na kurudi, anawasalimia wakwe wa hewani, akainua pindo kidogo kuonyesha mikono ya pweza inavyoshika. Mama alisema walicheka mpaka wakakaa chini sakafuni, wote wanne, na mwenye duka naye akajificha nyuma ya kaunta anacheka. Alisema mama yake alikuwa mwanamke wa huzuni nyingi, amezika watoto watatu, na ile ndiyo siku pekee ambayo yeye kama mtoto alimwona akilia kwa kucheka.

"Ilikuwa ya njano," mama akasema akijifuta wanja. "Njano ya embe bivu, na bahari yake ya bluu."

"Na mlinunua?" nikauliza.

"Tununue tukaivae wapi? Hatukununua. Wala sikumwona mtu mwingine ameivaa. Ilikaa pale dukani, tukipita tunachungulia, tunacheka, tunakwenda zetu. Halafu siku moja ikawa haipo."

Mjapani alikuwa anangoja. Mikono ameifumbata mbele, anatazama mdomo wangu. Na ninakuapia, sentensi ilikuwa tayari, imepigwa pasi na kukunjwa: mama anasema ilipendwa sana, iliisha siku ile ile. Ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa imefika kwenye meno.

Mama hajui Kiingereza, lakini mimi ananijua. "Usimpambie," akasema. "Mwambie kama nilivyosema."

Nikamwambia. Neno kwa neno, pweza, wakwe, supu, shangazi akitembea madaha, sakafuni. Nikamwambia hawakununua. Nikamwambia mama hakumwona mtu hata mmoja aliyeivaa. Nilikuwa naangalia mabakuli ya Mkorea ili nisimwangalie yeye. Nilipofika kwenye njano na bluu, akainua mkono nisimame. Akaenda kwenye meza yake, akatoa ile karatasi ya rangi ya chai, akaigeuza. Nyuma, kwa ubavu, kulikuwa na mistari miwili ya penseli kwa maandishi ya kwao. Akaweka kidole kwenye wa kwanza. Njano. Akaweka kwenye wa pili. Bluu.

Kumbe alikuwa na jibu mkononi siku ile ile aliponiuliza rangi.

"Nilikudanganya," nikasema. Nilichagua wakati mzuri wa kukiri, baada ya ushahidi wote kukamilika.

"Najua," akasema.

"Mbona sasa ukaniweka kwenye hedifoni?"

Akafikiri. "Nilikwenda maduka mengi. Wote walisema wanaijua, halafu wakaniletea kanga nyingine. Wewe peke yako ulisema ilivaliwa. Nilijua si kweli. Lakini nilipenda kuisikiliza." Kisha akauliza, "Walicheka kweli? Kiasi cha kukaa chini?"

Nikasema ndiyo, wote wanne, na mwenye duka.

Alisema baba yake alikuwa mtu anayekula bila kuongea na kwenda kulala bila kuongea. Alisema katika maisha yake yote hakuwahi kumwona baba akitania, wala mtu akicheka kwa jambo alilolisema baba. Halafu akatazama ukuta, akalaza kichwa kama mama alivyofanya, akamwona yule pweza na macho yake ya mshangao, na kicheko kikamtoka puani. Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Haikusaidia. Mama akamwona, naye akaanza upya, wakawa wanacheka wote wawili bila lugha ya pamoja, na mimi mkalimani nimesimama katikati sina kazi.

Mafundi wakaitwa, ngazi ikaletwa, pweza akageuzwa. Watu waliokuwa wamebaki ghalani wakasogea. Yule kijana wa Kichina alishika ngazi, na nilikuwa na hakika ananicheka, na ningekuwa yeye ningecheka zaidi.

Kisha Mjapani akavuta kiti karibu na mama, akaweka kifaa chake mapajani mwake, akaomba hadithi tangu mwanzo. Kabla ya kuwasha akanionyesha kioo kidogo cha kile kifaa ili nishuhudie mwenyewe, akaifuta sauti yangu. Bibi, upepo, jirani aliyeomba kuigusa, vyote vilikwenda kwa kidole kimoja. Iliniuma. Ningependa kusema nilifurahi kwa ajili ya ukweli, lakini iliniuma, ilikuwa hadithi nzuri.

Mama akasimulia, na safari hii aliongeza mwendo wa shangazi kwa fimbo. Mashine ikamaliza kunasa kicheko chake chote. Mjapani akamshukuru, akainama tena, akazuiwa tena. Halafu akanigeukia, kifaa bado kimewashwa.

"Na wewe," akasema. "Siku uliyozaliwa, kweli kabisa, alikufunika na nini?"

Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakikutoka kitu. Nilikuwa nimewasimulia watu wiki nzima jinsi nilivyobebwa siku ile, wakalia, na sikuwahi kumwuliza mtu pekee aliyekuwepo. Nikamgeukia mama nikamwuliza.

"Wewe?" mama akasema. "Mwaka ule kanga hazipatikani, zilikuwa za foleni, na yangu moja ilikuwa imeshachafuka. Nilikufunika na shati la baba yako. Alivua pale pale mlangoni mwa hospitali akanipa. Akatembea kifua wazi mpaka Ilala, anamsalimia kila tunayekutana naye. Mimi nikamwambia una wazimu, vaa hata gazeti. Akasema waache waangalie."

Baba alikufa nikiwa na miaka mitatu. Sina picha yake hata moja kichwani, nina tu ile ya ukutani. Katika hadithi yote niliyoitunga, yenye bibi na upepo na jirani, baba sikumpa hata nafasi ya kusimama pembeni.

Mjapani alikuwa ananitazama, anangoja nitafsiri. Nilikuwa nimemsahau. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya mama, namwuliza lile shati lilikuwa rangi gani.